Naomba ushauri: gladieta wangu awe mtumwa au mtu huru aliyejiuza?

Wakuu, habari za jioni. Naandaa igizo la redio la nusu saa kuhusu magladieta, wale wapiganaji wa Roma ya kale waliopigana mbele ya watazamaji, na nimekwama kwenye mhusika mkuu.

Wengi wao walikuwa watumwa, mateka wa vita au wahalifu. Lakini walikuwepo watu huru waliojiuza, yaani waliojiandikisha wenyewe kupigana, wakala kiapo cha kukubali kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma. Madeni? Sifa? Pale Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, kuna maandishi ya ukutani yanayomtaja gladieta Celadus kama mtu aliyewapagawisha wasichana, ilhali kisheria gladieta alikuwa mtu asiye na heshima kabisa.

Kilichonikosha zaidi ni chakula. Mifupa ya makaburi yao Ephesus, mji wa kale ulioko Uturuki ya leo, inaonyesha walikula sana nafaka na kunde, nyama kidogo. Tena walikuwa na madaktari: Galen mwenyewe, yule tabibu maarufu wa kale, aliwatibu majeraha kule mjini Pergamon kuanzia mwaka 157 BK. Mwenye kikosi alikuwa ametumia hela nyingi kuwafundisha, hivyo si kila pambano liliisha kwa maiti. Filamu zinatupiga kamba hapo.

Sasa, nimfuate mtumwa mwenye wavu na mkuki wa ncha tatu, au huyo aliyejiuza? Na kelele za watazamaji wa Colosseum, ule uwanja mkubwa wa mapambano pale Roma, niziweke vipi ili msikilizaji asianze naye kushangilia damu? Wazoefu wa maigizo ya redio, tiririkeni. Wale wa "kasome mwenyewe" piteni tu.