Urasimishaji "shirikishi": mwananchi alipe kila kitu, Serikali igonge muhuri. Huu ni ushirikishwaji gani?

Wakuu, hili la urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa kiholela ili wenye nyumba wapate hati, tuliongee bila kupakana mafuta. Kila bajeti ya ardhi ikisomwa tunaambiwa wananchi wanaongoza, Serikali inawezesha. Inawezesha nini? Kamati ni ya wananchi, hela ni ya wananchi, kampuni ya upimaji inalipwa na wananchi. Cha Serikali hapo ni muhuri, na wenyewe unakaa mezani mpaka watu wanazeeka.

Na haikuwa hivi siku zote. Mtaa wa Hanna Nassif pale Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walichimba na kujenga mitaro wenyewe, lakini fedha za mradi zilikuwepo na ujira ulilipwa. Baadaye ukaja CIUP, mradi wa kuboresha miundombinu ya makazi holela, uliopita Manzese na kwingineko Dar: jamii ilichangia asilimia 5, sehemu kubwa ya iliyobaki ikatoka kwenye mradi, watu wakaona barabara na mitaro. Leo mtaa unachangia asilimia 100 na kinachokuja ni karatasi. Ikija.

Ubovu wenyewe uko kwenye namna ya kulipa. Bei elekezi iliyotangazwa enzi za Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi ilikuwa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kwa bei hiyo, chukulia mtaa wenye viwanja 2,000: hesabu kamili milioni 300. Wakilipa watu 700, zimepatikana milioni 105. Kampuni inaanza na kazi nyepesi: inachukua picha ya satelaiti, inazunguka na mjumbe kutambua mipaka, inachora mchoro wa mipango miji, ule unaoonesha viwanja na barabara zitakavyokaa. Hela inaishia hapo. Kupima, kupanda mawe na kuandaa ramani ya upimaji vinasubiri "wengine wachangie". Aliyelipa siku ya kwanza anakuwa mateka wa jirani asiyelipa, na jirani halipi kwa sababu anaona aliyelipa hajapata kitu. Hata kampuni iwe safi kama malaika, itakwama hapo hapo. Ikiwa ya wajanja ndiyo basi tena: simu haipokelewi, ofisi imehama, mwenyekiti wa mtaa ndiye anatukanwa.

Mchoro nao. Picha ya satelaiti inaonesha mapaa, haioneshi mipaka. Mpaka wa uswahilini ni mstari wa minyaa, tofali tatu zilizozikwa, au neno la marehemu mzee. Mchoraji asiposhuka chini, barabara ya mita 6 inapita juu ya shimo la choo ambalo kwenye picha lilifichwa na mwembe. Halafu mchoro unabandikwa ofisi ya mtaa siku chache, kwa lugha ya wataalamu, mama lishe asome saa ngapi? Siku ya kupanda mawe ndiyo anaona jiwe la zege na chuma chake katikati limekaa mlangoni kwake. Analing'oa. Na mimi simlaumu, maana hakuna aliyemwambia atafidiwa nini.

Hapo ndipo hasira inapozidi, kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 60, inataja mambo ya kuwekwa kwenye skimu ya urasimishaji, yaani mpango rasmi wa kazi hiyo: wananchi watashirikishwaje, fidia italipwaje na gharama zitatoka wapi. Ukiuliza mitaani uoneshwe hiyo skimu unatazamwa kama mgomvi. Unaoneshwa daftari la michango.

Hela ya Serikali iliwahi kutengwa pia. Mwaka wa fedha 2021/22 halmashauri zilitengewa mkopo usio na riba wa bilioni 50 wa kupanga, kupima na kumilikisha. Lakini mkopo lazima urudishwe, na njia ya haraka ya kurudisha ni kutwaa mashamba pembezoni, kukata viwanja vipya na kuviuza kwa wenye nazo. Mtaa uliobanana, wenye wapangaji wengi na nyumba za mirathi zisizo na msimamizi, haumlipi mkurugenzi wa halmashauri haraka. Kwa hiyo unaachwa "ujiongoze".

Tunachotaka hakihitaji tume. Fedha ya upimaji itangulizwe na Serikali kwa mtaa mzima, kila mtu arudishe kidogo kidogo wakati wa kuchukua hati. Kampuni ilipwe kwa hatua: mchoro ukiidhinishwa, mawe yakipandwa, ramani ya upimaji ikisajiliwa, si kwa idadi ya watu waliochanga. Ramani ziidhinishwe kitalu kwa kitalu ili viwanja 80 vilivyokamilika visisubiri 1,920. Na barabara ikikata ukuta wa mtu, fidia iandikwe kabla ya jiwe.

Kwa wanaochangishwa sasa hivi: msitoe hela mkononi, idaiwe namba ya malipo au akaunti ya mtaa yenye watia saini zaidi ya mmoja, na risiti. Fomu ya mpaka isainiwe na majirani wote mnaopakana, nakala mbaki nayo. Mkiambiwa "mchoro uko juu", yaani umeshapelekwa kuidhinishwa, ombeni namba ya mchoro na tarehe ulipopokelewa. Hawana namba, basi bado uko kwenye kompyuta ya kampuni.

Mlioko Dar, Mwanza, Mbeya, mmekwama hatua ipi na mlilipa kiasi gani? Majina ya watu msiweke, mods watafunga uzi.