Tupeane uzoefu: ulivukaje kizingiti cha hekalu la Wahindu mara ya kwanza?

Binti_Unyanyembe:
Wakuu, naanza mwenyewe. Baba yangu Mgujarati, mama Mnyamwezi, nimelelewa Tabora kwa bibi mzaa mama. Kazi ikanileta Dar, na kila asubuhi napita Mtaa wa Kisutu. Mahekalu yapo pale, kengele unazisikia ukiwa barabarani, nami navuka ng'ambo kama mtu anayedaiwa dukani. Mungu simwogopi, naogopa macho ya watu. Mara tatu nilifika mlangoni, nikajifanya napokea simu, nikageuza.

Mara ya nne mama mmoja aliyekuwa anavua ndala akaniambia, "Ingia mwanangu, aarti inaanza," yaani ibada ya taa. Ningekimbiaje? Nikajibanza nyuma kwenye nguzo. Taa ilipopitishwa nikaiga wenzangu: viganja juu ya mwali, kisha usoni. Nikajiona fundi. Mara pujari (kuhani wa hekalu) huyo, ananimiminia maji kiganjani. Nikajua ya kunawa. Nikanawa, mikono yote miwili, mpaka kwenye vifundo! Kumbe ni charanamrit, maji yaliyobarikiwa, yana majani ya tulsi (ndugu yake kivumbasi). Unapokea kwa mkono wa kulia, unakunywa, unyevu unaobaki unajipaka kichwani. Yule mama akanionyesha polepole, kama anamfundisha mtoto kula ugali. Hakuna aliyecheka. Nilicheka mwenyewe, nyumbani, kwenye mto.

Haya, nani mwingine?

Mzee_wa_Makoroboi:
Mimi nilishaingia ile ya Makindu, njia ya Mombasa. Chapati na dengu bure, woga wa nini?

Kijana_Likoni:
Mzee, Makindu ni gurudwara ya Makalasinga. Dini nyingine kabisa hiyo.

Mzee_wa_Makoroboi:
Dengu zilikuwa tamu lakini.

Ngosha_Ughaibuni:
Mimi Msukuma, Mkristo, damu ya Kihindi sina hata tone. Dada mmoja wa kazini London alinialika Neasden, lile hekalu lililofunguliwa 1995: marumaru ya Italia na mawe ya chokaa ya Bulgaria, yakapelekwa India kuchongwa, yakarudi Uingereza vipande zaidi ya 26,000. Uzuri wote ule, na mimi nawaza soksi. Nimevua kiatu, kidole gumba kinachungulia. Halafu mwenyeji wangu akaniacha, maana kule wanawake na wanaume hukaa mbalimbali. Nikakunja miguu dakika arobaini, tundu nimelifunika kwa kiganja, watu wakadhani nimezama kwenye ibada.

Kwenye chakula bibi mmoja mwenye sari akaniuliza natoka wapi. Kusikia Mwanza tu, akabadili lugha: "Umeshiba au unaona haya?" Mzaliwa wa Jinja, walifukuzwa na Amin mwaka 1972. Akanipa sahani nigawe. Tangu hapo sikumbuki tena habari ya soksi.

Mama_Pili:
Samahani, hamwoni mnaabudu masanamu?

Binti_Unyanyembe:
Dada, mimi nilikaa kwenye nguzo. Hakuna aliyenilazimisha kuinama. Hilo tulifungulie uzi wake.

Kijana_Likoni:
Yangu si haya tu, ni ugonjwa. Moyo unadunda, viganja vinatota, hata harusi za kwetu nilikuwa nakaa nje na wapishi. Kwetu ni Wahindu tangu babu, lakini miaka sita nilikuwa nasali chumbani. Nikapiga hesabu zangu: niende siku ya kazi, asubuhi, nikute pako tupu. Nikachagua Jumatatu. Hekalu lenyewe la mungu Shiva, na Jumatatu ndiyo siku yake! Foleni ya maziwa na maua mpaka nje.

Mlinzi wa viatu aliniona nimeganda, akaniambia, "Bwana mdogo, nishikie hapa, naenda msalani." Nikapanga viatu nusu saa. Watu wananikabidhi makubadhi, wananiambia ahsante, wanapita. Mtu mwenye kazi mkononi hatazamwi kama mgeni. Wiki ya pili nikarudi kwenye viatu, ya tatu ndipo nikaingia ndani. Viganja bado vinatota, lakini naingia navyo hivyo hivyo.

Binti_Unyanyembe:
Wallahi umenifungua. Mimi Jumamosi nimeitwa jikoni kumenya viazi. Niende na kisu changu?

Kijana_Likoni:
Visu wanavyo. Ila usijitie ukarimu ukabeba vitunguu, jiko hilo huenda hawavitaki. Wala vitunguu saumu.