Waliounganishwa pingili za mgongo, tupeane uzoefu

Wakuu, daktari anasema pingili yangu moja ya kiunoni imeteleza mbele na inabana mshipa wa fahamu wa mguu. Anapendekeza upasuaji wa kuiunga na ya chini yake kwa skrubu na vyuma. Mliopitia, nielezeni.

Mama Pacha: Nilifanyiwa kwa tatizo hilohilo. Elewa kwamba vyuma vinashikilia tu. Kinachounga ni mfupa wanaopandikiza, wa nyonga yako au wa mtu aliyejitolea. Kushikamana huchukua miezi, hata mwaka. Kidonda cha mgongo kilipona mapema, ila pale nyongani walipochota mfupa paliniuma mno! Kitandani unageuka mzimamzima kama gogo. Kuinama, kubeba na kujipinda, sahau kwanza. Mguu uliacha kuuma mara nilipozinduka. Kiuno kimepungua tu.

Kijiti: Mkuu, unavuta? Acha. Daktari wangu aligoma kunipa tarehe hadi niache sigara, maana nikotini inazuia mfupa kuunga.

Msomaji tu: Mimi nusura nikimbilie kisu kwa sababu picha ya MRI ilionyesha diski, yaani vile vimto vya katikati ya pingili, zimechakaa. Daktari wa pili akasema hakuna pingili iliyolegea wala mshipa uliobanwa, na diski za namna hiyo wanazo hata wasioumwa. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi yanachosha, matokeo yanakuja polepole, lakini kazi zangu nafanya.

Bin Seremala: Mzee wangu walimpunguzia tu mfupa uliobana mshipa, bila kuunga. Anatembea. Kwako inategemea kama pingili inacheza. Je, umepigwa eksirei ukiwa umeinama, kisha ukiwa umejinyoosha nyuma?

Mama Pacha: Swali zuri. Na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe kwenye mshipa, aulize pia. Mimi ilinituliza kwa muda, ikaisha nguvu.

Tabibu wa Kiti: Mimi niliungwa, miaka ikapita, pingili ya juu yake ikaanza kuchakaa. Sehemu iliyoungwa haikunjiki tena, kwa hiyo jirani zake hubeba zaidi. Haimpati kila mtu, ila daktari akueleze kabla hujasaini.

Mwanzisha uzi: Eksirei ya kuinama sijapigwa, nitaidai. Ganzi ninayo mguuni tu, mkojo hauna shida.

Mama Pacha: Mkojo ukianza kugoma au kutoka wenyewe, au ganzi ikiingia sehemu za siri na makalio, mdogo wangu, usingoje miadi. Nenda dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.