Nasafiri peke yangu mara ya kwanza, nina masaa 13 Istanbul njiani kwenda New York. Nitoke niende mjini au nitulie uwanjani?

Nuru_M
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri kwa mliozoea safari za mbali maana mimi hii ndo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye ndege masaa mengi namna hii na niko peke yangu. Tiketi yangu inapitia Istanbul. Kipande cha kwanza ni usiku, masaa saba hivi, natua saa 11 na dakika 10 alfajiri, halafu ndege ya pili ya kwenda New York inaondoka saa 12:45 jioni siku hiyohiyo na hiyo nayo ni kama masaa kumi na moja angani. Kwahiyo hapo katikati nina masaa 13 na nusu na sijui niyafanyie nini.

Moyo unataka kutoka, hata kidogo tu. Nimekuwa nikiangalia picha za ile misikiti na ile bahari inayoukata mji katikati tangu niko shule. Ila naogopa. Naogopa kupitiwa na usingizi nikaachwa, naogopa begi langu, naogopa kupotea sehemu ambayo sijui lugha, na mama ameshaniambia mwanangu kaa humohumo ndani usiende popote. Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Viza ya Marekani ninayo tayari, ya Uturuki sina.

Geti_la_Mwisho
Dada Nuru hongera kwa safari. Kabla hujafika kwenye misikiti malizana kwanza na viza, maana ndo itakayoamua kila kitu. Kusubiri ndani upande wa wanaounganisha ndege ni jambo moja, kupita dirisha la uhamiaji ni jambo lingine kabisa, ukishagongewa muhuri umeingia nchini hata kama unakaa masaa matatu tu. Inategemea pasipoti yako. Kuna pasipoti zinaingia bila viza, kuna zinazopata viza ya mtandaoni, na katika hizo za mtandaoni kuna ambazo mpaka uwe na viza hai ya Marekani, Uingereza, Ireland au nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) ndo unapewa, kwahiyo hiyo yako ya Marekani inaweza ikakubeba. Ingia kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, evisa.gov.tr. Usibonyeze yale matangazo yanayotokea juu ukitafuta, mengi yanafanana nayo na yanakutoza zaidi.

La pili, angalia tiketi vizuri. Istanbul ina viwanja viwili vya kimataifa, mkubwa unaandikwa IST uko upande wa Ulaya na mwingine unaandikwa SAW, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Kama unatua kimoja na kuondokea kingine basi hayo masaa 13 si ya kutembea tena, ni ya kuvuka mji mzima. Na hakikisha safari yote iko kwenye tiketi moja kweli, yani namba moja ya bukingi. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili tofauti ni shida yako.

Siku ya kuondoka ukishapima begi usikimbilie kuaga watu. Soma ile stika ndefu wanayoifunga kwenye mshikio, tafuta herufi tatu za mwisho wa safari, kwako ziwe JFK kama ndo uwanja ulioko kwenye tiketi yako. Ukiona IST peke yake mwambie yule wa kaunta palepale, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Zikiwa sawa basi begi kubwa lisahau mpaka New York, Istanbul unashuka na mkoba wa mgongoni tu.

Bi_Mkoba
Mdogo wangu Nuru, wenzio watakuambia mji, mimi nikuambie mwili, maana watu wanapanga matembezi halafu wanashuka kwenye ndege wamechoka hata kuongea hawawezi.

Kule juu hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na msukumo wa hewa ni kama umekaa juu ya mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Ndo maana midomo inakauka, kichwa kinauma, tumbo linajaa. Kunywa maji kidogokidogo safari nzima usisubiri kiu. Miguu nayo itavimba, viatu vya kubana usivae. Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti 2007 kwamba kukaa bila kujongea safari ya masaa manne na zaidi kunaongeza mara mbili hivi uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe bado ni mdogo, usiogope, ila we una kumi na moja kwa mkupuo mmoja, kwahiyo chukua kiti cha njiani, simama tembea, ukikaa zungusha vifundo vya miguu. Kama una tatizo la damu, au una mimba, au umefanyiwa opareshini karibuni, muone daktari akuambie kuhusu zile soksi za kubana.

Sasa usingizi. Hili la kuachwa usilichukulie kama woga wa mgeni, mimi lilinikuta nikiwa peke yangu na nilikuwa nimeshazoea kusafiri. Nilikuwa na masaa sita ya kusubiri katika uwanja mmoja, nikaweka alamu kwenye simu, nikajilaza nimekumbatia mkoba. Simu ilikuwa bado iko kwenye hali ya ndege, haijashika mtandao, kwahiyo saa yake ilikuwa bado ni ya nilikotoka na hapo nilipo walikuwa mbele kwa saa moja. Nilipoamka nikaenda taratibu kabisa, nakumbuka hata nilisimama kupiga mswaki. Nafika getini viti vyote vitupu, dada mmoja anakunja kamba ya foleni. Aliangalia pasi yangu akaangalia saa ukutani, hakusema kitu. Nilikaa chini palepale kwenye kapeti.

Tukiwa wawili mmoja angeiona ile saa ya ukutani. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuamsha, hakuna wa kukushikia begi ukienda chooni, hakuna wa kukuuliza mbona mwenzangu tunachelewa. Tangu siku ile nanunua saa ya mkononi ya kawaida tu, nikitua kitu cha kwanza naikagua na saa ya uwanjani kabla sijafanya kingine chochote. Fanya hivyo mdogo wangu.

Tulia_Ndani
Mimi niko upande wa mama. Mtu wa mara ya kwanza, peke yake, hajalala usiku kucha, anaenda kufanya nini mjini? Uwanja wenyewe ni mkubwa, una sehemu za kulala za kulipia, una maduka, una msikiti. Lala, oga, kula, panda ndege yako. Istanbul haihami, utaenda siku nyingine umejipanga.

Kivuko
Mkuu Tulia nakuheshimu, na kama ingekuwa masaa sita ningekubaliana na wewe moja kwa moja. Ila 13 na nusu ni mengi mno kukaa kwenye kiti cha chuma. Mimi nimepita pale peke yangu mara mbili, dada Nuru, ngoja nikuhesabie kwa kurudi nyuma maana ndo hesabu pekee inayofaa.

Ndege saa 12:45 jioni. Ndege za Marekani kuna ukaguzi wa ziada na maswali ya karatasi karibu na geti, na kabla ya hapo unakaguliwa mlangoni unapoingia jengo halafu kuna foleni ya pasipoti, halafu ule uwanja kutembea tu mpaka getini ni safari. Kwahiyo saa 9 na robo alasiri uwe umeshaingia. Maana yake mjini unaondoka saa 7 na nusu mchana, na hapo hata ukiona kitu kizuri namna gani geuka. Asubuhi unatua saa 11 na ushee, uhamiaji, choo, unanawa uso, unatoka saa 12 na nusu, saa 2 uko mjini. Una masaa matano na nusu, yanatosha kabisa kwa sehemu mbili au tatu, si kumi.

Usipande teksi asubuhi hiyo, kuna treni. Laini ya M11 inatoka uwanjani mpaka Gayrettepe kwa nusu saa hivi na haijui foleni za magari. Unanunua kadi ya Istanbulkart kwenye mashine palepale kituoni, unaijaza hela, hiyohiyo inafanya kazi kwenye treni, tramu, basi na vivuko. Gayrettepe unabadilisha unapanda M2, kuna kutembea sana chini ya ardhi mpaka kuifikia, usishangae. Shuka Vezneciler, hapo mpaka Sultanahmet kwa mguu ni kama dakika 20 au panda tramu ya T1. Kabla ya Vezneciler treni inatoka nje ghafla, inapita juu ya maji ya Haliç, ule mkono wa bahari ulioingia mjini, na kuna kituo katikati ya daraja, inua macho hapo utaona minara yote kwa mara moja.

Sultanahmet yenyewe, Msikiti wa Buluu na Ayasofya vinatazamana, unasimama katikati ya bustani unavyo vyote viwili. Ayasofya ilijengwa kati ya 532 na 537, fikiria, ilikuwa kanisa, 1453 ikawa msikiti, ikaja kuwa makumbusho, 2020 ikarudi kuwa msikiti. Watalii wanaingilia mlango wao kwenda ghorofa ya juu na tangu 2024 wanalipa euro 25. Msikiti wa Buluu hakuna kiingilio ila nyakati za swala wageni wanasubiri nje. Beba mtandio wako mwenyewe. Kama siku yako ni Ijumaa basi mchana wa Ijumaa usiuwekee matumaini, Jumapili lile Soko Kuu linafungwa, na Jumanne kasri la Topkapı.

Ila ukiniuliza mimi kitu cha kufanya ukiwa na usingizi machoni, shuka kwenye gati za Eminönü upande kivuko cha kwenda Kadıköy. Dakika 20 hivi umetoka Ulaya uko Asia. Kaa nje kwenye benchi la mbao. Watu wanawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na hao ndege wanaelea usawa wa mkono wako kabisa hawapigi hata mbawa, unaona jicho. Mtu anapita na chai kwenye vile vigilasi vyenye kiuno chembamba. Nilikishika kile kigilasi cha moto kwa vidole viwili, upepo wa baridi usoni, na usingizi wote ukaniisha. Ukifika Kadıköy hata usishuke mbali, geuka na kivuko kinachofuata.

Kuhusu watu, ukiwa peke yako wanakuona. Kuna wang'arisha viatu wanaodondosha brashi mbele yako, ukiiokota wanakung'ang'aniza kukupigia kiatu eti shukrani halafu wanadai hela. Iache. Na rafiki wa ghafla anayekualika sehemu ya kunywa usimfuate, bili ya huko imewaliza wengi.

Nuru_M
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili mbili. Bi Mkoba pole sana dada yangu, hiyo ya kapeti imenigusa. Nimeangalia tiketi, ni moja, natua na kuondokea IST hiyohiyo, na mwisho ni JFK. Viza nimeingia kwenye hiyo tovuti na pasipoti yangu inakubaliwa kwa sababu ya hii ya Marekani, nimeshaomba. Lakini bado sina uhakika na treni za kubadilisha nikiwa na usingizi. Hakuna njia ya kwenda na watu wengine?

Geti_la_Mwisho
Ipo. Kama unasafiri na Turkish Airlines wana matembezi ya bure yanaitwa Touristanbul, kwa wanaounganisha ndege za kimataifa wenye masaa kati ya 6 na 24. Basi linawachukua uwanjani, kuna kiongozi, wanawarudisha. Viza bado unahitaji. Soma ratiba kwenye tovuti yao chagua ya asubuhi, na ukitoka uhamiaji nenda moja kwa moja kwenye meza yao ukajiandikishe, usipitie popote.

Kivuko
Hilo ni wazo zuri kwake kuliko langu. Kivuko utakipanda ukirudi.

Nuru_M
Basi nachukua hiyo ya basi. Na mama nitampigia nikishatua. Intaneti pale inapatikanaje?

Bi_Mkoba
Kuna mashine unaskani pasipoti inakupa saa moja bure. Itumie kwa mama kwanza. Ramani na bukingi zipakue ukiwa bado kwenu, piga skrinshoti za kila kitu, na powabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi si kwenye begi la kupima, isizidi 100 Wh (kile kipimo cha nguvu ya betri kilichoandikwa juu yake). Halafu saa ya mkononi mdogo wangu, ushanunua?

Nuru_M
Kesho asubuhi naenda kuinunua.