Kanda za marehemu mzee, mpiga roki: nazinusuruje kabla ya kumbukumbu?

Mwana_wa_Tanga
Wakuu, mzee wetu alitangulia mwaka jana na mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu. Alikuwa mtu wa familia hasa, ila jioni lazima gitaa la umeme lilie sebuleni. Ameacha kanda za C90 alizojirekodi akipiga roki. Kadhaa zimefifia. Mbili zilizoandikwa "4 trk" ndiyo balaa: upande A muziki unajivuta, upande B unakwenda kinyumenyume. Ndiyo zimekufa? Tena kuna amplifaya yake ya valvu, imelala stoo miaka. Mdogo wangu anataka kuipigia siku hiyo.

fundi_kanda
Poleni sana. Hizo mbili ni nzima. Zilirekodiwa kwenye mashine ya njia nne (njia ni mstari wa sauti kwenye utepe), mfano Portastudio ya Tascam. Kanda ya kawaida ina njia mbili za upande A na mbili za B. Mashine hizo huzitumia zote nne kwa mkupuo, kuelekea upande mmoja. Halafu nyingi zilizungusha utepe kwa sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76, ndiyo maana deki yako inauvuta.

Azima mashine ya aina hiyo. Ukikosa, ingiza A na B kwenye kompyuta kila moja peke yake, B igeuze, zote ziongeze kasi mara mbili, kisha zipange pamoja. Zipange upya mwanzoni mwa kila wimbo. Ukipanga mara moja tu, baada ya dakika chache ngoma na gitaa zitaachana, kwa sababu deki haiendi kwa kasi ileile mara zote.

Bi_Sauti
Kwa zilizofifia, usilaumu kanda kwanza. Safisha hedi ya deki, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Tazama kile kisponji nyuma ya utepe: gundi yake huachia, utepe haugusi hedi sawasawa, sauti nyembamba zinapotea. Kipo? Basi geuza kidogokidogo skrubu ya pembeni mwa hedi hadi matoazi yasikike wazi.

Chukua sauti LINE OUT, si tundu la hedifoni. Hifadhi WAV, biti 24, kilele kisizidi -6 dB. Na tafadhali msikate mapengo kati ya nyimbo wala kusugua kelele kupita kiasi. Humo ndimo mnaweza kumkuta akiwanyamazisha watoto, na programu ya kuondoa kelele haijui tofauti ya mtoto na mchakacho.

Valvu230
Hiyo amplifaya MSIICHOMEKE. Kapasita, yaani vile vihifadhi chaji vya ndani, zikikaa miaka bila umeme zinaweza kupasuka zikipewa volti zote ghafla. Fundi aziangalie, aipandishe taratibu kwa transfoma ya kurekebisha volti. Someni nyuma: ikiwa ni ya Marekani, volti 120, umeme wetu wa 230 utaiunguza. Isiwashwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na asiifungue mtu asiyejua. Hata ikiwa imechomolewa, ndani zinaweza kubaki volti 400.

Mwana_wa_Tanga
Asanteni sana. Moja ya zile mbili ina alama ya dbx.

fundi_kanda
Huo ni mfumo wa kupunguza kelele za utepe. Hiyo iache hadi upate mashine yenye dbx. Bila hiyo sauti itakuwa kali na mivumo itapanda na kushuka ovyo. Kwa siku ya misa tumieni zile C90 nyingine za kawaida. Ila leo hii vunja vile vijino viwili juu ya kila kaseti, mtu asije akarekodi juu yake.