Mteja anataka admini, akaunti yenye mamlaka yote ya tovuti. Nimpe, au nimfungulie uhariri tu?

Fundi_Igoma:
Wakuu, salaam. Nimemjengea tovuti mama mmoja mwenye loji Karatu, kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Bei za vyumba hubadilika kila msimu, na amechoka kunisubiri. Anataka aingie mwenyewe, tena anasema "nipe funguo zote, nimelipa." Kulipa kweli kalipa, wala hakukopa.

Tatizo ni kijana wake wa mapokezi. Anapenda kubonyeza kila anachokiona. Ninachoogopa ni abadili thimu, yaani sura ya tovuti, apate rangi nyingine, menyu ipotee na fomu ya kuulizia vyumba iharibike, halafu nipigiwe simu mimi. Mnafanyaje?

Bi_Kodi:
Mwanangu, hapo kuna mambo mawili. Tovuti ni mali yake, kwa hiyo domeini (anwani ya tovuti) na hosti (seva ya kukodi inakokaa tovuti) ziwe kwa jina lake na barua pepe yake, na akaunti ya admini awe nayo. Fundi anayeshikilia domeini ya mteja kama rehani mimi simwiti fundi.

Ila kazi ya kila siku haihitaji admini. Mama na kijana, kila mmoja mfungulie akaunti yake ya Mhariri. Mhariri anabadili maandishi na picha kwenye kurasa, lakini hagusi thimu, menyu wala plagini (programu za nyongeza). Kijana akivuruga bei, fungua marekebisho ya ukurasa ule, rudisha toleo la jana, kwisha.

Tangu toleo la 6.0 la WordPress, la mwaka 2022, unaweza kufunga bloku (kipande kimoja cha ukurasa) kwa kufuli isihamishwe wala kufutwa. Kumbuka tu kwamba Mhariri naye anaweza kuifungua kufuli hiyo, mpaka umzuie kwa kodi (mistari ya programu): tafuta `canLockBlocks`. Jedwali la bei mimi hulifunga, maneno ndani yake yanabaki wazi.

Jembe_la_Tanga:
Weka `DISALLOW_FILE_MODS` kwenye wp-config, lile faili la mipangilio ya tovuti, ulale usingizi.

Bi_Kodi:
Taratibu, Jembe. Hiyo inazuia kuongeza plagini, sawa, lakini inazima na masasisho, hata yale ya usalama yanayojiendesha. Anayeiweka awe na njia nyingine ya kusasisha. Tena haizuii kubadili thimu ikiwa nyingine imo tayari. Tumia `DISALLOW_FILE_EDIT`, inaondoa kihariri cha kodi kwenye dashibodi, basi. Thimu usizotumia zifute, acha moja tu ya akiba.

Fundi_Igoma:
Nimekupata, bibie. Na picha je? Huyu kijana anapandisha za simu kama zilivyo, kubwa ajabu.

Bi_Kodi:
Tangu toleo la 5.3, picha inayozidi pikseli 2560 kwa upana au urefu inatengenezewa nakala ndogo, na ndiyo inayotumika. Lakini ile kubwa inabaki kwenye seva, inakula nafasi ya hosti anayoilipia mama. Mfundishe kijana kuzipunguza kabla hajazipandisha, nusu saa inamtosha.

Kisha kaa na mama, muandikiane: bekapu (nakala ya akiba ya tovuti) ni ya nani, masasisho nani anafanya, na kwa mwezi shilingi ngapi. Akikataa kulipia matunzo, mkabidhi admini na bekapu ya siku hiyo, asaini kwamba amepokea.

Fundi_Igoma:
Bekapu iko kwenye hosti ileile.

Bi_Kodi:
Basi huna bekapu; hosti ikianguka, vyote vinaondoka. Ihamishe leo.