TAZARA na watoto hadi Mbeya: ipangwe ili milima ije na mwanga

Mama wa watatu, Leicester:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko. Julai tunakwenda nyumbani Mbeya, baba, mama na watoto wa miaka 11, 8 na 4. Safari hii hatutaki kuruka hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Tunataka watoto wapande TAZARA, treni ya reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar, waione milima wanayosimuliwa na bibi yao kwenye simu. Anayeijua njia hii anisaidie: tiketi zinakatwaje tukiwa huku, daraja lipi linafaa watu watano, na ni mambo gani yanayoharibu safari. Nawashukuru mapema.

Kaka wa Uyole, Dortmund:

Dada, naanza na mwanga, maana huo ndio unaoamua mengine yote.

Reli nzima ni kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, lakini milima yenyewe imekaa kwenye kipande kimoja: Mlimba hadi Makambako, kilomita 150 na ushee. Hapo reli inatoka chini bondeni Kilombero na kupanda hadi zaidi ya mita 1,600. Mahandaki mengi ya njia nzima yako hapo, na daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za urefu wa kama mita 50. Kipande hicho ndicho kiliwatesa zaidi wajenzi wa miaka ya 1970 hadi 1975. Ukikipita usiku, umelala juu ya kitu ulichokifuata.

Kwa hiyo pandeni kutoka Dar kwenda Mbeya, msifanye kinyume. Treni ya kupanda hutoka Dar mchana au alasiri, hufika Mlimba usiku mkubwa au alfajiri, na Makambako asubuhi. Ya kuteremka hutoka Mbeya mchana, milima inaingia giza, halafu asubuhi mnaamkia Hifadhi ya Nyerere na wanyama wake. Anayetaka wanyama ateremke, anayetaka milima apande. Kukata kwenda na kurudi kwa kudhani mtaviona vyote mara mbili ni kupoteza siku.

Kwa miaka mingi siku zimekuwa Jumanne kwa treni ya kawaida, Kilimanjaro, na Ijumaa kwa ile ya haraka, Mukuba. Thibitisheni kabla ya kununua hata tiketi ya ndege. Vichwa vya treni vikipungua, safari za abiria husogezwa au kusimamishwa kabisa, na ukarabati mkubwa uliosainiwa 2025 na kampuni ya China, wa dola bilioni 1.4, nao utagusa ratiba.

Kuchelewa kwa saa chache msikuogope. Ikienda kwa saa yake, sehemu ya mlima hupandwa gizani. Ikichelewa kutoka Dar, mlima wote unakuja na jua. Julai huko kunapambazuka kama saa kumi na mbili na nusu, hivyo wekeni kengele ya saa kumi na moja na nusu, mwangalie stesheni mliyopo. Kama Mlimba haijapita, mna bahati.

Watoto wasimame kwenye kijia cha behewa, si chumbani tu. Chumba kina dirisha upande mmoja na kijia kina madirisha upande wa pili, kwa hiyo kwenye kila kona mnachagua upande. Kwenye kona kali mtoto ataona kichwa cha treni kikiingia handakini wakati ninyi mko bado juani, mabehewa yanamezwa moja moja hadi lenu. Hapo dirisha liwe limeshafungwa. Moshi wa dizeli hukusanyika ndani ya handaki na huingia chumbani kwa sekunde chache, kisha hukaa kwenye nguo na mashuka hadi Mbeya.

Makambako si mwisho wa kutazama. Treni hushuka tena hadi Usangu, Rujewa, Chimala, Igurusi, mashamba ya mpunga yametandazwa na safu ya milima ya Kipengere imesimama mkono wa kushoto. Kisha inapanda hadi Uyole, mita 1,789, kilele cha reli nzima kutoka baharini hadi Zambia. Simu yenye programu ya kupima mwinuko hufanya kazi bila intaneti. Mpe huyo wa miaka 11 daftari aandike mita kila stesheni kuanzia Dar.

Mjomba wa Kiwalani, Minneapolis:

Mwanangu, kuhusu tiketi nisikilize vizuri, hapa ndipo familia nyingi zinapokwama.

Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, daraja la pili ni vitanda sita. Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa familia imechukua chumba kizima. Ninyi mko watano. Mkikata daraja la kwanza mtalipia vyumba viwili, vitanda vinane, au mtatawanyika. Chukueni chumba kizima cha daraja la pili, mlipie vitanda vyote sita, mlango mfunge wenyewe. Kitanda cha sita ni cha mabegi. Familia ya watu wanne ndiyo ichukue daraja la kwanza.

Mtume ndugu aliyeko Dar aende mwenyewe stesheni ya TAZARA, ile ya njia panda ya Nyerere na Mandela, penye flaiova ya Mfugale. Mwandikie ujumbe mmoja tu: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, umri, jinsia, tarehe, na maneno haya, "chumba kizima, vitanda sita". Ukimwambia "watu watano daraja la pili", atarudi na vitanda vitatu huku na viwili kule, na siku ya safari mhudumu wa behewa hawezi tena kuwahamisha waliokwishapewa nafasi zao. Kabla hajaondoka dirishani akupigie picha ya tiketi, wewe usome namba ya behewa, chumba, vitanda na tarehe. Kosa likionekana akiwa bado pale hurekebishwa kwa dakika tano. Nauli ya watoto aiulize palepale kwa umri wa kila mmoja.

Kuna kosa la saa pia. Tiketi ikisema 15:50, ni saa tisa na dakika hamsini alasiri. Watoto waliokulia huko huisoma sawa, ila ndugu akiwaambia "saa tisa na nusu tuwe hapo", wao husikia usiku. Andikeni zote mbili kwenye karatasi. Na dereva wa teksi aambiwe TAZARA, asiwapeleke stesheni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, katikati ya mji. Ni mashirika mawili, reli mbili, na foleni ya kutoka moja hadi nyingine inatosha kuwaachisha treni.

Fikeni Dar siku mbili kabla. Ndege ikichelewa au begi likibaki Doha, treni hiyo hairudi kesho.

Muuguzi, Gothenburg:

Naongeza ya afya, mengine mmeyasema vizuri.

Watoto waliozaliwa nje hawana kinga ya malaria waliyonayo binamu zao. Treni inapita bonde la Kilombero usiku, na huko malaria ni ya kweli. Nenda kliniki ya safari wiki sita kabla. Dawa ya atovakoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, hunywewa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Kipimo kwa watoto hufuata uzito, kwa hiyo wapimwe upya, usitumie uzito wa mwaka jana. Wengi huacha dawa wakifika Mbeya kwa kuwa kuna baridi. Msiache, hasa kama mtashuka Kyela au Matema, kule chini Ziwa Nyasa.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni wote wavae mikono mirefu na soksi, mafuta ya mbu yapakwe, na dirisha lifungwe kabla taa ya chumba haijawashwa.

Baridi ndiyo huwashangaza watu. Mnatoka Dar mnatokwa jasho, na alfajiri mnaamkia mlimani. Mbeya usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sweta, kofia na soksi nzito ziwe kwenye begi dogo la juu. Zikiwa chini ya sanduku kubwa, chini ya kitanda, gizani, hamtazipata.

Maji: watu watano kwa saa 24 wahesabiwe lita 12 za kunywa, halafu ongezeni lita 6 za kunawa na za kungojea treni ikisimama njiani. Hizo ni chupa 12 za lita moja na nusu. Maji ya chooni huisha kabla ya asubuhi, beba karatasi za choo, sabuni na pakiti nne za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Tochi ya kichwani moja kwa kila mtu mzima, na pawabanki iliyojaa, msitegemee soketi ya behewani.

Mkiunganisha ndege Nairobi au Addis kwa zaidi ya saa 12, mtadaiwa kadi ya homa ya manjano. Na watoto wenye pasipoti ya Uingereza waombewe visa ya mtandaoni, dola 50 kila mmoja, mapema.

Kaka wa Uyole, Dortmund:

Dada muuguzi kanikumbusha usalama. Mtoto wa miaka 4 alale kitanda cha chini upande wa ukutani, mama upande wa nje. Behewa huyumba kwa nguvu kwenye kona, na vitanda vya juu si vya kuaminiwa kwa mtoto wa umri huo. Milango ya mwisho wa behewa mara nyingi huachwa wazi kwa upepo. Pawe na sheria moja tangu Dar: hakuna mtoto anayevuka behewa bila kushikwa mkono, hata kwenda kula.

Usiku treni ikisimama stesheni, funga dirisha na mlango. Mkono wa mtu aliye nje unafika mezani, na simu inayochajiwa ndiyo huondoka kwanza. Baadhi ya vitasa vya dirisha vimelegea, hivyo beba kipande cha ubao cha kukazia.

Chakula cha behewa la chakula ni wali au ugali kwa kuku, nyama au samaki, cha moto na kinashibisha. Agizeni mapema jioni, hupungua. Stesheni za njiani kina mama huja na ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga na miwa. Beba noti ndogondogo, treni haingojei chenji.

Mnyalukolo, Toronto:

Kamwene! Naongeza kwa ajili ya wanaotoka kwetu: TAZARA haipiti Iringa mjini. Wa Iringa na Njombe wote hushukia Makambako, kisha basi. Njombe ni karibu kilomita 60 tu, Iringa ni saa mbili na nusu hadi tatu.

Na dada, uwe na mpango wa pili ulioandikwa, usiwe wa kichwani. Treni ya abiria ikisimamishwa wiki yenu, chukueni SGR ya asubuhi kutoka Dar hadi Morogoro, tiketi yake hununuliwa mtandaoni mkiwa hukohuko Leicester. Kutoka Morogoro pandeni basi la mchana au gari la kukodi hadi Iringa. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, twiga na tembo huonekana kutoka dirishani, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga wenye kona kali. Watoto watapata treni, na watapata milima. Laleni Iringa, asubuhi mkaone nguzo za udongo za Isimila, kilomita 20 hivi upande wa kwenda Mbeya, kisha mwendelee.

TAZARA ikiwa hai, njia hiyohiyo ifanyeni wakati wa kurudi, kwa mchana, kwa siku mbili. Kitonga lori moja likiharibika kwenye kona, mnakaa saa tatu. Msipange ndege ya kimataifa jioni ya siku hiyo.

Mama wa watatu, Leicester:

Asanteni sana, nimeshamtumia mdogo wangu Dar yale maneno, "chumba kizima, vitanda sita". Swali la mwisho: siku mbili za kwanza Mbeya, watoto wakiwa wamechoka, niwapeleke wapi pasipo na kupanda sana?

Bibi wa Tukuyu, Birmingham:

Marahaba mwanangu. Siku ya kufika usipange kitu. Stesheni iko nje ya katikati ya mji, upande wa barabara ya Tunduma, na treni inaweza kuingia mchana au usiku, basi mwenye gari awe na simu ya kondakta au ya abiria mmoja ili ajue lini atoke nyumbani.

Kesho yake nendeni Kimondo cha Mbozi. Ni chuma cha takriban tani 16 kilichodondoka kutoka angani, gari linafika karibu, na mtoto wa miaka 4 anakigusa kwa mkono wake. Siku ya pili shukeni Kiwira mkaone Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililovuka mto lenyewe, na Kijungu, maji yanavyochemka bila moto. Pale Kijungu kingo zinateleza, shikeni watoto wote watatu. Ziwa Ngozi mwachie huyo wa miaka 11 na baba yake. Msitu ni mkali, sehemu ya mwisho mnapanda kwa mikono, na mdogo atabebwa njia nzima.

Njiani Uyole nunueni parachichi na viazi vya bibi yao. Ndaga fijo, msafiri salama.